Karatasi ya Pili

Vijana wangu, kabla hamjaendelea mjue jambo moja: mwenye habari hii ameisoma kabla yenu. Nilimpelekea mkononi, si kwa simu. Alikaa nayo siku tisa, akanirudishia mistari miwili ikiwa imefutwa kwa kalamu ya bic, imefutwa kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka. Sikumuuliza kwa nini. Majina mtakayoyakuta humu si ya kweli. Mtaa nimeubadilisha, kazi za watu nimezibadilisha, na hata alama ya mwilini mtakayoisikia haikuwa hiyo wala haikuwa mahali hapo. Mkijaribu kumtafuta huyo mtu mtamkosa, na nitafurahi sana mkimkosa.

Ninaandika kwa sababu mjukuu wangu Clarisse, anayesoma historia hapa chuoni, aliniambia siku moja huku analia: "Nkambo, kama kazi yenu ilikuwa na sheria zake, mbona hamukutufundisha?" Nilitaka kumkaripia. Halafu nikaona mtoto anasema kweli, na aibu ikanishika.

Mimi nilikuwa mwandishi wa barua. Miaka thelathini na kitu nilikaa kwenye baraza mbele ya posta ya Lubumbashi, nina meza, viti viwili, na mashini ya kuandika ambayo herufi yake ya "e" ilikuwa inaruka juu kidogo kuliko wenzake. Asiyejua kuandika alikuja kwangu. Anayejua kuandika lakini anaogopa Kifaransa cha ofisi alikuja pia. Wake wa wachimbaji, wachuuzi wa Kipushi wanaovuka mpaka kila wiki, wazee wanaotafuta karatasi zao za ubatizo, vijana waliopenda wakakosa maneno. Wote walikaa kwenye kiti kile kimoja, na wote waliniambia mambo ambayo hawakumwambia padri.

Kazi nilifundishwa na Mzee Saidi. Wazazi wake walikuwa watu wa Maniema, na wazee wa wazee wake walitoka pwani, ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka na changu kilimchekesha. Hiki mnachosoma sasa ndicho cha kwake. Cha mdomoni kwangu ni cha mtaa wa Kampemba, mkinikuta sokoni mtakisikia. Alikuwa mkali, mzee yule! Mwezi wa kwanza hakuniruhusu kugusa mashini. Alinifundisha kuweka kiti.

Msicheke. Kiti cha mteja kilikuwa upande wa kushoto, mgongo kwa barabara, ili mpita njia asimwone midomo. Jina la mteja liliulizwa mwisho, barua ikiwa imekwisha, maana mtu akishataja jina lake mwanzoni anaanza kusema kama yuko mbele ya polisi. Barua ilisomwa mara mbili kwa sauti ya chini, na bahasha ilifungwa mbele ya macho ya mwenyewe. Jioni Mzee Saidi akiniona ninatabasamu peke yangu aliniuliza: "Unacheka barua ya nani?" Nikisema hapana, si ya mtu, alijibu: "Basi isahau hiyo isiyo ya mtu."

Na kaboni. Nyinyi wa simu hamjui kaboni ni nini. Ni karatasi nyembamba nyeusi, unaiweka kati ya karatasi mbili nyeupe, ukipiga herufi juu inatokea chini pia. Ya juu ni barua, ya chini tuliiita doble. Watu wa ofisi walitaka doble. Lakini kaboni yenyewe, ikitumika mara moja tu, ukiinua kwenye jua unasoma kila neno lililoandikwa, wazi kabisa. Ikitumika mara nne au tano maneno yanapandana, hayasomeki tena. Kwa hiyo Mzee Saidi alikuwa na kaboni mpya kwa barua za ofisi, na kaboni zilizochoka kwa barua za watu. Barua ya siri sana aliiandika bila kaboni kabisa. Kila Jumamosi mchana tulichoma kilichobaki ndani ya debe, na yeye alisimama hapo mpaka majivu yapoe. Nilimwona ni mzee anayeogopa kivuli chake. Leo ninaogopa kuliko yeye.

Makosa nilifanya, tena mengi. Siku moja nilibadilisha bahasha mbili. Barua ya kijana wa Kipushi kwa mchumba wake ilikwenda kwa padri wa parokia moja ya kaskazini, na ombi la cheti cha ubatizo likamwendea yule msichana. Msichana alipanda gari akaja hadi mezani kwangu. "Ni wewe unaniomba cheti? Mi niko parokia?" Padri kwa upande wake alijibu kwa heshima kubwa kwamba moyo wake tayari ulikuwa umetolewa kwingine. Baraza zima lilicheka wiki nzima. Mzee Saidi hakucheka. Aliniuliza kitu kimoja: je, kama barua ile ingekuwa na jambo la kumwua mtu?

Kosa la pili halikumchekesha mtu yeyote. Mama mmoja alileta barua ya mwanawe aliyekuwa mbali. Mwana aliandika kwamba harudi tena, amepata mke huko, wasimngoje. Nilitazama uso wa yule mama, nikashindwa. Nikamsomea kwamba mwana anasalimu, kazi ni nyingi, atakuja kiangazi. Mama akaenda akapaka nyumba chokaa. Kiangazi kilipokwisha alirudi kuniuliza barabara imefungwa wapi. Mzee Saidi alipojua alinipiga kofi mbele ya watu, mimi mwanaume mwenye watoto watatu. "Ukibadilisha neno moja umeiba barua nzima," alisema. Baada ya hapo sikubadilisha neno la mtu tena, ila siku moja tu, nayo nitaifikia.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, na hata sasa mkono hautaki.

Wazee wenu wanakumbuka miaka ile jirani alipoanza kumuuliza jirani yake, baba yako alitoka wapi? Watu waliozaliwa hapa, wakabatizwa hapa, wakafanya kazi hapa, waliambiwa warudi kwao, mkoa wa Kasai, na wengine hiyo Kasai hawakuwahi kuiona kwa macho. Walilala kwenye stesheni na magodoro yao wakingoja treni. Nilizaliwa nyumba ya mtu wa reli, sauti ya treni ilikuwa sauti ya baba yangu akirudi. Tangu miaka ile nikiisikia ninanyamaza.

Treni zilipokuwa zimepungua, mwanamke kijana alikuja kwenye meza yangu na mtoto mgongoni. Tumwite Mama Deo. Mzee Saidi alikuwa amekwisha kufariki, mimi ndiye nilikuwa mkubwa wa baraza. Akakaa kwenye kiti, akatazama nyuma mara mbili, akaniuliza kama ninasali. Nikasema ninasali. Akasema: "Barua hii isibakie na muntu."

Mume wake alikuwa ameondoka na treni wakati yeye ana mimba. Rafiki wa mume, tumwite Baba Deo, mtu wa kaskazini ya Katanga, mfanyakazi wa reli, akamchukua kwake mtaa wa Katuba, akamwoa, akampa mtoto jina lake na kabila lake. Alifanya hivyo ili wasiguswe. Ndugu za huyo rafiki hawakujua, waliamini mtoto ni damu yao. Sasa kulikuwa na mtawa anayesafiri kwenda kule aliko mume, naye angeipeleka barua ndani ya kitabu cha sala. Mama Deo alisema maneno machache, na mimi niliyaandika kama yalivyotoka, sikuyanyoosha, hata usije yake ilibaki usikuye. Haya mwenye habari ameyaacha yabaki:

"Mutoto iko. Iko muzima. Usikuye, usiandike. Nywele zake za mbele zilitoka nyeupe sawa zako. Kila asubuhi nikimuchana ninakuona."

Niliisoma mara mbili, nikafunga bahasha mbele yake, akaiweka ndani ya nguo yake na kwenda. Ndipo nilipotazama mashini nikaona karatasi ya pili. Vidole vyangu vilikuwa vimeweka kaboni bila kuniuliza, kwa mazoea tu ya barua za ofisi za asubuhi ile, tena kaboni mpya. Yeye aliiona nikiipanga. Hakujua karatasi ya pili ni ya nini, na hakuuliza, kwa sababu aliniamini.

Nilitaka kuichoma pale pale. Mvua ikaja, ile ya ghafla, kila mtu akakusanya vitu vyake, nikasukuma karatasi zote ndani ya sanduku la bati. Mngeweza kunisamehe hapo. Lakini Jumamosi ilipofika niliitoa, nikaisoma, nikaona ni barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Hiyo ndiyo sababu yote. Nilipenda kazi ya mkono wangu. Nikairudisha sandukuni, na baada ya hiyo nikaanza kuweka na nyingine nzuri, na debe la majivu likapata kutu.

Miaka ikapita. Simu zikaja, wateja wakaisha, nikaenda nyumbani. Mwaka huu Clarisse alikuwa anafagia chumba cha nyuma akalikuta sanduku. Aliniuliza kama anaweza kuangalia, nikasema angalia, huku ninasikiliza redio. Hiyo ndiyo ruhusa niliyotoa. Alipiga foto za karatasi, akafuta majina, akaziweka kwenye ukurasa wake mtandaoni, moja kila siku mbili.

Na nisiwadanganye, nilijua. Aliponionyesha ya kwanza, ya kijana mmoja aliyependa akakosa maneno, nilifurahi mpaka nikaomba chai ya pili. Watu walikuwa wanaandika chini yake: nani aliandika hivi, huyu mzee ni fundi! Mtu wa kuchapa vitabu aliuliza kama tunaweza kuzikusanya. Mimi, niliyepigwa kofi na Mzee Saidi, nilikaa kwenye kiti changu nikijiona mwandishi mkubwa. Sikumuuliza Clarisse ni zipi zinazofuata.

Jumapili, tukitoka misa, jirani yangu Papa Kabange alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake na simu karibu na pua.

"Baba Théo, kuya usikie hii! Hii si ya kucheka, hii inaliza."

Akaanza kunisomea. "Mutoto iko. Iko muzima."

Vijana, nimeogopa mara nyingi maishani. Nimeogopa askari, nimeogopa radi. Lakini hofu ya siku ile ilikuwa nyingine. Papa Kabange aliendelea kusoma, akafika kwenye nywele nyeupe, akasimama. "Eh," alisema, anafikiri. "Mi nimeona muntu mwenye nywele ya vile. Wapi? Haiko mu Katuba?"

Nilisema sijui. Nilisema jua ni kali. Nikaenda nyumbani ninatembea upande kama mlevi.

Clarisse alikuwa anasonga bukari. Nilimwambia aache, aondoe barua ile sasa hivi.

"Lakini nkambo, niliondoa majina yote, angalia mwenyewe!"

"Na nywele?"

"Nywele gani?"

"Huyo mutoto iko anaishi, Clarisse. Ni muntu mukubwa leo. Nywele yake haijaanguka."

Alishika simu, mikono yake ina unga. Aliiondoa. Barua ilikuwa imekaa hapo tangu Ijumaa jioni mpaka Jumapili mchana, na alipohesabu waliokwisha kuituma kwa wenzao alirudia kuhesabu. Halafu alianza kunijibu, na lazima niwape maneno yake, maana hayakuwa ya kijinga.

"Bantu beko banalia huku chini, nkambo. Banaandika: na baba yangu aliendaka na ile treni. Hakuna anayesema mambo ile. Shuleni hawakutuambia. Kama tunaficha kila karatasi, waliofukuza bantu ndio watabakia na historia peke yao."

Nilimwambia tu kwamba kusema treni ilikuwepo ni haki yake, na kusema nani alibaki nyuma ya treni si yake. Akaniangalia na macho mekundu. "Na wewe, nkambo, uliiweka ju ya nini miaka yote?"

Hapo nilikaa chini.

Jumatatu tulikwenda mjini kwa mwanasheria, mama mmoja mpole aliyesoma na binti yangu. Alitueleza polepole. Katiba ya nchi inalinda siri ya barua, alisema, kama inavyolinda mlango wa nyumba. Karatasi ni mali ya aliyeipokea, lakini hiyo haimpi ruhusa ya kuitangaza. Maneno ni ya aliyeyasema. Na wanaotajwa ndani, hata kama hawakuandika wala hawakupokea, wana haki ya maisha yao kuachwa. Ukitaka kuchapa, omba ruhusa kwa aliye hai, na kama amekufa, omba kwa watoto wake.

"Na mimi?" nikamuuliza. "Mimi niliyeandika?"

"Wewe baba ulikuwa mkono wake. Mkono hauna ruhusa ya kutoa."

"Na doble?"

"Hiyo doble hukupaswa kuwa nayo."

Nilimuuliza kama mtu akidhurika sheria itafanya nini. Alisema inaweza kushitaki, inaweza kuadhibu, kesi huchukua muda wake. Alisema hivyo bila kunitazama. Mimi nilikuwa ninafikiria ndugu za Baba Deo, maana nilisikia Baba Deo mwenyewe amekwisha kufa, na nyumba ya Katuba anamolala Mama Deo ni ya ukoo wao. Wakijua Deo si damu yao, mama na mwana watatolewa nje na vyombo vyao. Na siku hizi, mnasikia wenyewe kwenye baa na kwenye simu, maneno ya nani ni wa hapa na nani si wa hapa yameanza tena. Mtu huanza kwa kuuliza tu.

Siku iliyofuata nilichukua karatasi ya pili, nikaikunja ndani ya shati, nikaenda Katuba. Njia nzima niliishika kifuani. Nilikuwa ninaogopa mambo mawili, kwamba nitamkuta na kwamba sitamkuta.

Nilimkuta. Sukari imemwondolea macho, amebaki anaona mwanga tu. Alikuwa amekaa uani kando ya mbabula, jiko la makaa lenye sufuria juu, anachambua maharage kwa vidole. Alinijua kwa sauti baada ya miaka yote hiyo.

"Baba wa posta! Ukaye. Nani amekufa?"

Nilimwambia. Nilimwambia yote, kaboni, mvua, sanduku, kiburi changu, mjukuu wangu, Ijumaa mpaka Jumapili. Vidole vyake viliacha maharage. Mimi nilitamani anitukane.

"Bantu wangapi balisoma?"

"Sijui, mama. Bengi."

"Deo haiko na muda wa simu," alisema, na sauti yake ilikuwa inaomba. "Iko na kazi mingi. Hakusoma. Eh, baba? Hakusoma?"

"Pengine hakusoma."

"Akijua, atanichukia. Atasema jina lake lote ni bongo, uongo mutupu. Na baba zake wadogo… Mungu wangu." Alijifunga kitenge vizuri kama mtu anayesikia baridi, na jua lilikuwa kali. Halafu akanyoosha mkono, akagusa karatasi, akaipapasa. "Ni yenyewe?"

"Ni yenyewe. Nimeileta uichome."

"Unisomee kwanza. Mi sikusikiaka tena ile maneno. Mara moja, kisha tunachoma."

Nikafungua. Nikasoma kwa sauti ya chini, kama nilivyofundishwa. Mutoto iko. Iko muzima. Usikuye, usiandike. Mama Deo alikuwa amefumba macho yake yasiyoona. Nilipofika kwenye neno nywele, lango lilisukumwa, na mwanaume wa miaka thelathini na zaidi akaingia, amevaa shati la kazi, na mbele ya kichwa chake kulikuwa na nywele nyeupe kama pamba.

"Jambo yenu," alisema. "Baba, karibu. Musiache ju yangu, muendelee. Ni barua ya nani?"

Mama hakutikisika. "Ni yangu, Deo. Niliandikishaka zamani kwa dada yangu wa Kipushi. Baba huyu aliikuta mu sanduku."

"Ah, muzuri. Soma, baba. Nisikie mama alisema nini."

Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angeichukua. Nikaiweka karatasi kwenye goti. Na mimi, ambaye sikubadilisha neno la mtu tangu kofi la Mzee Saidi, nilianza kusoma maneno yasiyokuwepo. Nilisoma kwamba mahindi ya mwaka huu yameota vizuri. Nilisoma kwamba bati la jikoni linavuja, kwamba Baba Deo anasalimu na atalirekebisha akipata likizo ya reli. Nilisoma kwamba mtoto aliugua surua lakini sasa anakula, na amefanana na baba yake kwa kichwa kigumu. Mama Deo alicheka kidogo hapo, akasema ndiyo, hivyo hivyo nilisema. Deo alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza kwa salamu za ukoo mzima alinyoosha mkono.

"Nione kidogo vile mashini ya zamani iliandikaka."

Mama alikuwa mwepesi kuliko mimi. Aliipapasa karatasi gotini kwangu, akaikunja, akaiingiza chini ya sufuria. "Karatasi ya zamani inawasha makala muzuri," alisema. Ikashika moto mara moja. Tulikaa watatu tunaitazama, au wawili tunaitazama, mpaka ikawa nyeusi kama kaboni yenyewe.

Deo alinisindikiza mpaka barabarani. Ni desturi, mgeni hatoki peke yake. Tulitembea, mimi ninahesabu hatua, ninamshukuru Mungu. Tulipofika kwenye kona alisimama.

"Baba, umesoma muzuri sana."

"Asante, mwanangu."

"Mahindi, bati, surua. Mama alifurahi." Alitazama nyuma nyumbani, kisha akateremsha sauti. "Ile ya ku simu haikukuwa na mahindi."

Nilimshika mkono, au yeye alinishika.

"Muntu wa kazini alinitumia Jumamosi," alisema. "Alicheka, akaandika: huyu si wewe? Nilimujibu, hapana, si mimi. Sasa kila siku ananiangalia hapa." Akagusa mbele ya kichwa. "Mama asijue kama nilisoma. Nakuomba, baba. Iko na ugonjwa, hawezi kubeba na hii."

"Sitasema."

"Nani mwengine amesoma?"

"Sijui, Deo."

"Na mimi sijui," alisema. Akarudi kwa mama yake.

Sanduku lote nilichoma Jumamosi ile, ndani ya debe, na Clarisse alisimama nami mpaka majivu yakapoa. Anaandika bado juu ya treni. Lakini sasa anakwenda nyumba kwa nyumba, anaomba ruhusa, na akiambiwa hapana anakunywa maji aliyopewa na kuondoka. Mtu wa kuchapa vitabu amechoka kutungoja.

Mama Deo alitutoka miezi michache baadaye, kwa sukari ileile, bila kujua kwamba mwanawe anajua. Ndipo Deo akaniruhusu kuandika hii, kwa masharti niliyowaambia mwanzo. Aliniambia: "Andika, ili mutoto wa muntu mwengine asikutane na mama yake ku simu."

Nilikwenda kuzika. Jua lilikuwa kali, na padri alipoanza sala wanaume wote tulivua kofia zetu, na ndugu za Baba Deo, wazee watatu waliosimama kando ya kaburi, wakavua zao. Deo alikuwa amevaa kofia ya sufu, ameivuta mpaka kwenye nyusi, nywele nyeupe zote chini yake. Hakuivua. Padri alimngoja kidogo, kisha akaendelea kusali. Mmoja wa wale wazee aligeuza kichwa akamtazama Deo, akaendelea kumtazama mpaka sala ikaisha, na mimi nikaangalia chini.